Rangi ing'ae, rimu zing'ae: nilivyoivalisha RAV4 yangu kutoka Kitshanga hadi Kashebere

Wakuu, heshima kwenu, mlio na magari na mnaoendelea kuyatafuta.

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe. Mama yangu mzazi alikuwa kiti cha nyuma safari nzima, na simu yangu anaisoma, kwa hiyo nikiongeza chumvi nitaulizwa nyumbani.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mtoto wa Kitshanga, Masisi, huku Kivu ya Kaskazini. Niliondoka na begi moja la mgongoni nikaenda Dar. Nilianza kwa kuosha magari ya watu pembeni ya barabara, ndoo mbili na kitambaa. Miaka kumi na moja baadaye nimerudi na diploma ya ugavi na usafirishaji, na RAV4 nyeusi yenye jina langu kwenye kadi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna kanisa lililonichangia.

Sisemi hivi kujisifu. Nasema ili mjue anayewaeleza habari za rangi ya gari ameanzia kwenye ndoo.

Pale nyumbani wananiita Diplomé. Wengine wanalitamka jina hilo huku wanacheka kidogo. Nimezoea, wivu ni kitu cha kawaida.

Sasa tuje kwenye mada.

Gari nyeusi ni nzuri siku mbili, ile unayoinunua na ile unayoiuza. Katikati hapo ni kazi. Barabara zetu zina vumbi la mawe ya volkano upande wa Goma, na ukipanda Masisi kuna matope mekundu yanayokauka kama tofali. Ukipangusa gari ikiwa kavu, umeichora. Nikaamua nitafute kinga ya rangi, ila kwa bei ya mtu mwenye akili.

Nilizunguka Goma siku mbili nikiuliza.

Fundi wa kwanza akaniambia habari ya film, ile plastiki ngumu inayobandikwa juu ya rangi, hata jiwe likiruka halifiki kwenye bati. Nzuri sana. Akataja bei. Sisi watu wa Masisi bei kubwa tunaigeuza kuwa ng'ombe ili tuielewe. Hiyo ilikuwa ng'ombe wanne, mmoja wao ana mimba.

Wa pili akaniambia ceramic coating, dawa ya maji inayokauka juu ya rangi kama kioo, ila gari ilale kwake siku tatu. Ng'ombe wawili. Na hizo siku tatu sikuzipenda, maana nilimwona msaidizi wake anavyoziangalia funguo.

Kuna wax ya kawaida ya kopo. Hiyo ni bei ya kuku. Shida yake, inaondoka mvua ya tatu, na huku kwetu mvua ya tatu huwa ni Jumatano.

Mwisho nikapata ceramic ya kupuliza, ya chupa, unaipaka mwenyewe. Bei ya mbuzi mdogo. Muuzaji aliniambia inashika miezi sita, nami nikaipunguza ikawa minne kama ninavyofanya kwa maneno ya muuzaji yeyote. Nikanunua chupa mbili.

Kwenye rimu nisikilizeni vizuri, hapa wengi mnaumia.

Yule yule muuzaji aliniletea dawa ya kusafishia jante, kama tunavyoziita huku. Ilikuwa ya njano, ndani ya chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi ya maelezo. Akasema inakula uchafu wote. Nikaifungua, pua ikanijibu kabla ya kichwa. Acid. Ni kweli inakula uchafu, halafu ikimaliza uchafu inaendelea na chakula. Baada ya miezi miwili rimu inakuwa na madoa meupe kama ugonjwa wa ngozi. Nikamrudishia.

Rimu zinahitaji vitu vya jikoni tu. Sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, brashi laini, na mswaki wa zamani kwa ajili ya kwenye nati. Anza na magurudumu kabla ya body, tena yakiwa yamepoa. Ndoo ya magurudumu isiguse body kamwe, vumbi la breki lina chembe za chuma. Ukishasuuza na kukausha, pulizia ceramic ile ile. Vumbi la breki halitashika tena.

Nilifanya kazi hiyo uani kwa Mama, Kitshanga, asubuhi hadi saa tisa. Panel moja moja, kitambaa cha kupakia mbali, cha kufutia mbali. Jirani mmoja akauliza kama gari inaumwa. Jioni nikaimwagia maji kidogo nione. Wakuu, maji yalikimbia. Yalijikunja vidonge vidonge yakateremka bila kuacha alama. Niliiangalia ile gari nikajiona usoni mpaka kwenye mlango wa nyuma.

Sasa kwa nini nilikuwa na haraka hiyo?

Kuna dada anaitwa Furaha, mwalimu, tulijuana Goma. Kwao ni Kashebere, kule Walikale inapoanza. Baba yake ameshafariki, na anayesema kwa niaba ya familia ni mjomba wake, Papa Bauma. Kabla ya kuzungumza mahari kuna siku ya kujionyesha, unaenda na mzazi wako, wanakuangalia. Ukifeli siku hiyo hakuna rufaa. Siku yangu ilikuwa Jumamosi.

Na Papa Bauma alikuwa na jeraha. Dada mkubwa wa Furaha aliwahi kuletewa bwana mwenye jeep inayong'aa. Watu wakiwa kwenye chakula, simu ya yule bwana ikalia, akasahau kupunguza sauti. Aliyepiga alikuwa mwenye jeep halisi, anataka gari yake irudi kabla ya saa kumi. Mambo yakaishia kwenye sahani.

Kwa hiyo Papa Bauma aliniambia kwenye simu, taratibu kabisa:

"Furaha anasema uko na gari. Kuya nayo. Tutaiangalia, na tutajua kama iko yako ao iko ya muntu."

Nikamjibu aiangalie hadi achoke. Moyoni nikasema, mzee akiuona uso wake kwenye mlango ataamini mwenyewe.

Jumamosi alfajiri nikamweka Mama nyuma na kitenge chake kipya, kikwembe kama tunavyokiita huku, mimi shati jeupe, tukaondoka. Nikasimama kwenye kituo cha mafuta hapo hapo Kitshanga. Madereva na watu wa moto, yaani pikipiki, wakaizunguka gari. Nilidhani wanaisifia.

Mmoja akaniuliza:

"Kaka, haujaivalisha?"

Nikauliza kuvalisha ni nini. Wakaangaliana.

Kumbe pale madereva wana neno lao. Kuvalisha gari ni kuipaka matope kabla ya kuteremka upande wa Walikale, body nzima, ionekane imechoka. Njiani kuna barrière, kizuizi cha kamba. Kundi gani la wenye bunduki linaishika inategemea wiki. Gari iliyochoka inalipa kidogo inapita. Gari inayong'aa inaazimwa. Ndilo neno wanalotumia, kuazima. Inarudi baada ya wiki mbili bila betri, ao hairudi.

"Yako iko uchi kabisa," yule dereva akaniambia. "Na uko na mama yako ndani."

Niliwashukuru kwa heshima. Nikawaeleza kwamba gari ina karatasi zote, na kwamba nimesomea usafirishaji. Hawakubisha. Mmoja alivua kofia, kama mtu anayeaga maiti.

Tukaendelea hadi kijiji cha Muheto. Muheto tukakutana na lori linatoka tunakoenda. Dereva wake akasimama, akaiangalia RAV4 toka taa hadi taa, akasema jana wameazima pikapu ya muuza maharage, na ilikuwa pikapu mbaya.

Nikazima injini.

Wakuu, nilianza kufikiria. Nikirudi Kitshanga, Papa Bauma atahesabu kwamba gari haipo. Nikiendelea hivi, huenda kweli haitakuwepo. Na Furaha yuko Kashebere amevaa, anasubiri. Miaka kumi na moja ya ndoo na kitambaa ilikuwa imesimama pembeni ya barabara, inang'aa.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kulikuwa na dimbwi kubwa. Nikasema sawa, tuivalishe.

Nikalipita lile dimbwi kwa nguvu. Matope yakaruka mpaka juu ya paa. Nikateremka kuangalia. Yalikuwa yanateremka, vidonge vidonge, kwa adabu, hadi chini. Baada ya dakika mbili gari ilikuwa safi kuliko mwanzo.

Nikarudia. Ikawa hivyo hivyo.

Nikavua shati, nikalikunja vizuri kwenye kiti, nikachota matope kwa mikono nikayapiga kwenye boneti. Yakateleza kama yai linavyotoka kwenye kikaango chenye mafuta. Nilikuwa nimeifanya ile kazi vizuri mno. Hakuna fundi wa Goma, hata wa ng'ombe wawili, ambaye angeifanya vizuri hivyo.

Mama akashusha kioo.

"Uliipaka nini? Hata matope inaikataa."

Nikamweleza kwamba ni kinga ya kisasa, inazuia kitu kushika. Akaniuliza kama iko na ya kuitoa. Kwenye chupa waliandika miezi sita.

Hapo ndipo akapita mzee mmoja na ng'ombe zake, na vidumu vya maziwa begani. Anaitwa Papa Safari, Mama anamfahamu kwa sababu ya maziwa. Akasimama akitazama kijana asiye na shati anayepigana na boneti.

"Ni huyu njo Diplomé?" akamuuliza Mama; njo kwetu ni ndiye. Sifa zinasafiri, sikujua kama zimefika Muheto.

Mama akamweleza. Papa Safari akagusa mlango kwa kidole, kidole kikateleza. Akatikisa kichwa, akanipa somo ambalo sijawahi kulipata chuoni:

"Matope ya barabara haina mikono. Mavi ya ng'ombe iko na majani ndani, ile njo inashika. Tunapaka nayo kitunga ya mahindi, tunapaka nayo nyumba. Hata hii itashika."

Ng'ombe zake zilikuwa karibu thelathini na zilikuwa zimeshiba. Malighafi haikuwa tatizo.

Nilisita. Lakini Mama alikuwa tayari ameteremka. Alikikunja kikwembe kipya mpaka magotini, akafunga cha zamani juu yake, akaanza na paa la gari anapofikia. Mama amepaka nyumba maisha yake yote, na baadhi ya hizo nyumba alizikimbia zikiwa hazijakauka. Alipaka kwa kiganja, toka juu kwenda chini, nusu duara nusu duara, kama ukuta. Papa Safari akachanganya majivu kidogo ili ikauke haraka. Ile coating ya bei ya mbuzi ilijaribu kukataa. Majani yakashika, yakashikana, ikatulia.

Kufika saa nne RAV4 yangu ilikuwa kibanda chenye magurudumu. Tukaacha vioo, taa na namba.

Na rimu.

Hapa nakiri kosa. Zile rimu nilizisugua kwa mswaki, nati moja baada ya nyingine. Mkono ulikataa kuzipaka. Nikajiambia matope ya njiani yatazifikia yenyewe. Nikasahau kwamba na zenyewe nimezipulizia. Kila gurudumu lilipozunguka lilijisafisha.

Nikanawa kwenye mto, nikavaa shati, tukaendelea.

Barrière tukaikuta kwenye kona. Kamba, kibanda, watu watano. Mkubwa wao alikuwa na radio begani. Akaja akaizunguka gari polepole, mkono puani. Nikaona mabega yake yanaanza kucheka. Akawaita wenzake, wakachuchumaa wote kwenye gurudumu la mbele.

Akaja dirishani kwangu.

"Papa, hii gari inalala na ng'ombe, lakini viatu ni ya harusi. Ni namna gani?"

Wakuu, nimewahi kutetea andiko langu mbele ya walimu watatu. Pale nilishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeanza kujifunza gari. Niliona anaanza kukwangua mlango kwa ukucha, na chini ya ukucha palianza kung'aa.

Mama akashusha kioo cha nyuma.

"Mutoto wangu anaenda kuomba bibi," akasema. "Weye, papa, ulienda kuomba wako na viatu michafu?"

Yule mtu akaacha kukwangua. Akamwangalia Mama, kikwembe kipya, mikono ambayo ilikuwa bado na kijani kwenye kucha.

Mwenzake mmoja akasema kwa nyuma kwamba yeye alienda na sandale, na mama mkwe wake anamukumbusha mpaka leo. Hapo wakacheka wote watano, hata mkubwa akashindwa. Kamba ikashuka.

"Pita, Papa Viatu," akaniambia. "Ukirudi utatuambia kama walikukubali."

Sikupumua mpaka mlima wa pili. Mama alikuwa nyuma anatengeneza kilemba.

Sasa Kashebere.

Familia ilikuwa imejipanga mbele ya nyumba, wamevaa. Nilipoingia uani, safu ya mbele ikarudi nyuma hatua mbili. Jua lilikuwa limepanda, na mnajua samadi ikipata jua. Furaha alishika mdomo. Sikujua anacheka ao analia, na sikuwa na muda wa kuuliza.

Papa Bauma ni mtu mfupi, ana fimbo na koti kubwa. Hakunisalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari.

Nikaanza kueleza. Nikamweleza kwamba chini yake kuna rangi inang'aa, kwamba kuna kitu kinaitwa ceramic, kwamba akinipa ndoo mbili tu za maji ataona mwenyewe. Akainua mkono kunikata.

Akaizunguka mara moja. Akaizunguka tena. Akabandua kipande kwenye mlango, akakivunja, akakinusa. Akawageukia watu wake.

"Ile ya kukodi," akasema, "mwenyewe angekubali?"

Akapiga fimbo chini.

"Muntu hawezi kupaka mavi ya ng'ombe gari ya mwenzake. Hii iko yake."

Wamama wakapiga vigelegele huku wamebana pua, sauti ikatoka ya ajabu. Mama yangu akateremka kama waziri. Papa Bauma akanishika mkono sasa, akanivuta karibu. Nilidhani ananipa baraka. Alikuwa anaangalia chini.

"Jante tu njo ulikodi?"

Tulikula vizuri. Simu yangu niliizima.

Basi, wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kwa bei nafuu ceramic ya chupa inatosha, usipeleke ng'ombe wawili kwa fundi. Rimu ni sabuni ya vyombo na mswaki, acid mwachie anayeiuza. Na kabla hujachagua kinga ya rangi, jiulize gari inapita wapi na inaonwa na nani. Mimi nilijiuliza inang'aa kiasi gani, na nina diploma.

Barrière nimeshapita tena kurudi. Walitaka jibu, nikawaambia walinikubali. Yule wa sandale akanipa pole.

Sasa naomba msaada wenu, na hii ndiyo sababu hasa ya uzi.

Siku ya mahari imepangwa, ni wiki tatu toka ile Jumamosi. Leo ni siku ya tisa. Samadi imekauka, imepasuka kidogo upande wa jua, na mlango wa kushoto umeanza kuota nyasi mbili. Je, ikikaa wiki tatu juu ya ceramic inashuka hadi kwenye clear coat, lile tabaka la juu linaloilinda rangi, ao coating itaikinga? Kuna mwenye uzoefu? Mbolea ya kuku najua inakula rangi, hii ya ng'ombe sina uhakika. Furaha naye ameniandikia kwamba amekubali kila kitu isipokuwa kuipanda akiwa amevaa nguo nyeupe, kwa hiyo kama kuna kitambaa cha kiti mnachokijua, nitajieni.

Karibuni kwa maoni, na kucheka chekeni.

Ila asiniambie mtu niioshe. Papa Bauma ametuma salamu Kashebere nzima kwamba nitarudi nayo vile vile. Anasema nikiiosha, basi nilikuwa nimeikodi.